Vumbi la Ukambani: Je, kichujio cha 'kuongeza nguvu' kinafaa pikapu?

WENYE pikapu katika kaunti za Kitui na Makueni hukabiliwa na swali moja kila wanapofika katika duka la vipuri. Je, wanunue kichujio cha hewa cha karatasi kama kile kilichokuja na gari, au wakubali ushauri wa muuzaji na kuchukua kile cha pamba iliyotiwa mafuta, ambacho husifiwa kwamba huongeza nguvu, hupunguza matumizi ya dizeli na hudumu maadamu gari lenyewe lingalipo?

Swali hilo si dogo. Katika sehemu hizo, pikapu ndiyo shamba la pili la familia. Ndiyo hubeba maembe ya Makueni, ndengu za Kitui, mbuzi wa mnadani, saruji, mitungi ya maji na, inapobidi, mgonjwa usiku wa manane. Aghalabu imenunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Injini ikifa kabla ya mkopo kwisha, mwenye gari hubaki akilipia chuma kilichoegeshwa uani.

Adui mkuu wa injini huko ni vumbi. Ni kweli kwamba barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa hupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na kwamba ile ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi mjini Kitui imewekwa lami katika miaka ya karibuni. Lakini mizigo haizaliwi kando ya lami. Mwembe uko ndani mashambani, na ndengu huvunwa mbali na barabara kuu. Ili kuifikia mizigo hiyo dereva hana budi kuchepuka na kuingia katika njia za udongo na changarawe ambazo, kuanzia Juni hadi Oktoba, huacha wingu jekundu nyuma ya kila gari.

Udongo wenyewe una hila yake. Sehemu kubwa ya Ukambani imekalia miamba mikongwe ambayo, inapomomonyoka, huacha mchanga wenye madini ya kwatzi kwa wingi, yale mawe meupe yanayong'aa kama vigae vya kioo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 10, kwatzi iko ngazi ya 7, ilhali chuma cha kisu cha kawaida kiko karibu 5.5. Kwa maneno mengine, punje ya mchanga wa Mto Tiva au Mto Kaiti inaweza kukwaruza chuma, na chuma hakiwezi kuirudishia.

Kinachodhuru zaidi, hata hivyo, si punje inayoonekana. Wataalamu wa injini huogopa hasa chembe zenye upana wa mikroni 5 hadi 20. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo hazionekani kwa jicho. Ni ndogo kiasi cha kuingia katika utando mwembamba wa oili ulio kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na ni kubwa kiasi cha kuugusa ukuta huo pande zote mbili zinapopita. Hapo huanza kazi ya msasa.

Dalili zake hujitokeza polepole. Injini huanza kula oili. Moshi wa buluu huonekana asubuhi gari linapowashwa, na mfuniko wa oili ukifunguliwa injini ikiunguruma, hewa hupumua kwa nguvu kutoka ndani. Nguvu ya kupanda milima hupungua, na fundi hutamka neno ambalo hakuna mwenye gari anayependa kulisikia: ovaholi.

Ili kuelewa uzito wa kazi ya kichujio, ambacho mafundi wengi hukiita 'eakilina', ni vyema kupiga hesabu kidogo. Injini ya dizeli ya lita 2.5, ukubwa uliotumika kwa miaka mingi katika Toyota Hilux na Isuzu D-Max, hujaza silinda zake zote hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, humeza takriban lita 2,500 za hewa kwa dakika, yaani mita 150 za ujazo kwa saa. Hiyo ni hewa ya kujaza darasa zima la shule ya msingi. Na hesabu hiyo haijaingiza tabo, ambayo husukuma hewa zaidi.

Katika maabara, vichujio vya magari hupimwa kwa kanuni ya kimataifa inayojulikana kama ISO 5011. Kichujio hupulizwa vumbi la kipimo maalumu, ambalo asili yake ni jangwa la Arizona nchini Marekani, kwa kiasi kinachoweza kufika gramu moja kwa kila mita ya ujazo wa hewa. Hilo ni vumbi zito, mfano wa lile linalomkabili dereva anayefuata lori la mchanga kwa karibu hadi asione mbele. Kwa kiwango hicho, injini iliyotajwa ingevuta gramu 150 za vumbi kwa saa moja, au robo kilo kwa muda usiofika saa mbili. Dereva mwerevu hulipisha lori au hulipita, kwa hiyo kiasi halisi huwa kidogo zaidi. Lakini uwiano haubadiliki.

Uwiano huo ndio kiini cha jambo lenyewe. Kichujio kizuri cha karatasi huzuia asilimia 99.5 ya vumbi au zaidi. Tuseme kingine, kilichoundwa ili hewa ipite kwa urahisi, kinazuia asilimia 97. Mteja dukani huziona namba hizo mbili kuwa karibu sawa, maana hata mtihani wa kitaifa hakuna anayelalamikia alama 97. Lakini injini haihesabu vumbi lililozuiwa, huhesabu lililopenya. Katika gramu 150, kichujio cha kwanza hupitisha gramu 0.75 na cha pili gramu 4.5. Tofauti ni mara sita.

Wala hilo si hesabu ya karatasini tu. Katika miaka ya 2000, nchini Marekani, vichujio vya pikapu za Chevrolet zenye injini ya dizeli ya Duramax vilipimwa katika maabara kwa kanuni hiyo hiyo ya ISO. Cha karatasi, cha chapa ya mtengenezaji wa gari, kilizuia asilimia 99.93 ya vumbi na kupitisha takriban gramu 0.4 katika muda wa saa nzima kabla ya kujaa. Cha pamba yenye mafuta, cha chapa mashuhuri, kilizuia asilimia 96.8, kilijaa baada ya dakika 24 na kilikuwa kimepitisha gramu 7 hivi. Kile kilichosifiwa kwa kupumua vizuri kilipumua vumbi pia, na isitoshe kilijaa mapema.

Vichujio vya pamba vina historia ya heshima. Kampuni ya K&N ya California, ambayo jina lake limekuwa kama jina la bidhaa yenyewe, ilianzishwa mwaka wa 1969, na vichujio vya aina hiyo vilipata sifa katika mashindano ya pikipiki na magari. Huko vina mantiki. Gari la mashindano huzungusha injini kwa kasi ya juu muda wote, na injini hiyo hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Timu inayoshiriki Safari Rally, iliyorejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, haina haja ya kujua injini itakuwaje ikifika kilomita 300,000. Mwenye pikapu wa Mutomo ana haja hiyo.

Na je, nguvu zaidi inayoahidiwa? Hapa maelezo ya wauzaji hukwama kwenye maumbile ya injini ya dizeli yenyewe. Injini ya petroli hutawaliwa kwa hewa: dereva akikanyaga mafuta, mlango wa hewa hufunguka. Ya dizeli hutawaliwa kwa kiasi cha dizeli kinachonyunyizwa ndani ya silinda, na kwa kawaida huwa na hewa ya ziada. Kuiongezea hewa bila kuiongezea dizeli ni kama kumpa mla ugali sahani kubwa zaidi huku ugali ukiwa ule ule.

Kuhusu kuokoa mafuta, maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha utafiti mwaka wa 2009 ulioonyesha kwamba katika magari ya petroli ya kisasa, yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa kudhibitiwa na kompyuta, hata kichujio kilichoziba hakikuongeza matumizi ya mafuta kwa kiwango cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchapuka. Ikiwa kichujio kilichoziba hakikuharibu hesabu ya mafuta, sembuse kichujio kipya cha karatasi ambacho hakijaziba?

Inabaki hoja ya kudumu, na hiyo ndiyo yenye mvuto kwa watu wanaobana matumizi. Kichujio cha pamba huoshwa na kutumiwa tena. Bei yake ni mara kadhaa ya kile cha karatasi, lakini muuzaji husema kwamba baada ya miaka michache kitakuwa kimejilipa.

Hoja hiyo ingesimama kama kuosha kwenyewe kungefanywa inavyotakiwa. Pamba huhitaji sabuni maalumu, muda wa kukauka kabisa, kisha mafuta maalumu yanayopakwa kwa kiasi chake. Mafuta yakipungua, vumbi hupenya. Yakizidi, yanaweza kuvutwa na kutua juu ya sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, na pikapu za dizeli za kisasa nyingi zina sensa hiyo. Ikichafuka, hupeleka taarifa za uongo kwa kompyuta ya gari. Na katika gereji nyingi za jua kali, vifaa hivyo maalumu havipatikani. Kinachopatikana ni dizeli ya kuoshea na oili ya injini ya kupaka, na hapo kichujio cha bei ghali hugeuka kuwa kitambaa chenye grisi.

Kuna wanaofunga koni wazi, isiyo na sanduku, pembeni mwa injini. Hiyo iachwe kwa vijana wa Subaru jijini Nairobi wanaopenda mlio wake. Katika pikapu ya mizigo, koni hiyo hunywa hewa moto ya injini pamoja na vumbi lote linalorushwa na magurudumu ya mbele.

Wazee wanaokumbuka Land Rover za zamani huuliza kwa nini kichujio cha bakuli la oili kiliachwa. Katika kile, hewa hulazimishwa kugeuka ghafla juu ya oili, na vumbi, likiwa zito, hushindwa kugeuka na kuzama humo. Hakikuhitaji duka la vipuri. Mwenye gari alimwaga oili chafu, akasafisha bakuli na kutia nyingine. Trekta nyingi kuukuu bado zinacho. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi vizuri injini inapovuta hewa kwa nguvu, lakini inaponguruma polepole chembe ndogo hupita. Karatasi ilishinda kwa sababu haichagui mwendo.

Lakini haifai kudhani kwamba kila mwenye kichujio cha karatasi yuko salama. Uharibifu mwingi katika barabara hizo hutokana na mazoea zaidi ya chapa ya kichujio, na mazoea mabaya kuliko yote ni kompresa.

Karibu kila kituo cha petroli na kila gereji hufanya vivyo hivyo. Kichujio hutolewa, hugongwagongwa kwenye gurudumu, kisha hupulizwa upepo hadi kiwe cheupe. Mwenye gari huridhika. Kompresa ya kujazia magurudumu ya lori husukuma upepo kwa nguvu inayoweza kupita pauni 100 kwa inchi ya mraba, ilhali baadhi ya watengenezaji wanaoruhusu kichujio kupulizwa hutaka upepo usizidi pauni 30, tena upulizwe kutoka ndani kwenda nje. Wengine hawaruhusu kabisa. Upepo mkali hupanua matundu ya karatasi au kuichana mahali pasipoonekana. Kugongwa nako hupinda ukingo wa mpira unaozuia hewa isipite pembeni.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kichujio cha karatasi huchuja vyema zaidi kikiwa na vumbi kiasi. Tabaka la kwanza la vumbi linalotua juu ya karatasi huwa lenyewe kichujio cha pili, likizuia chembe ambazo karatasi mpya ingeziachilia. Anayekipuliza kila Jumamosi hukirudisha kila wiki katika hali yake dhaifu kuliko zote, na kila anapofungua sanduku huhatarisha vumbi la kwenye mfuniko lisidondokee upande safi. Kichujio chafu kiasi ni bora kuliko kilichosafishwa kwa pupa.

Kitabu cha gari huwa na ratiba mbili za kubadilisha vichujio: moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya mazingira magumu. Mafundi wengi hufuata ile ya kwanza. Kwa gari linaloshinda kwenye njia za vumbi za Kitui au Makueni, ya pili ndiyo ya kufuatwa, na mara nyingi hiyo humaanisha kubadilisha mapema maradufu au zaidi.

Kasoro ya pili ni mianya. Kati ya sanduku la kichujio na injini kuna bomba la mpira lililobanwa kwa vibanio vya chuma. Katika pikapu ya miaka kumi, mpira huo huwa umepasuka au kibanio kimelegea kwa mitikisiko. Hewa ikipita hapo haijachujwa hata kidogo, na kichujio bora duniani hakiwezi kuisaidia.

Uchunguzi wake hauna gharama. Baada ya safari ya vumbi, injini ikiwa imezimwa, bomba hilo hufunguliwa upande wa baada ya kichujio na kupanguswa ndani kwa kitambaa cheupe kilicho safi. Kitambaa kikitoka na wekundu, vumbi linaingia injini, iwe kwa kichujio kibovu au kwa mwanya. Kampuni zenye magari mengi huenda mbali zaidi na kupeleka oili iliyotumika maabara ili kupima kiasi cha silikoni, ambayo ni alama ya mchanga. Kwa mwenye pikapu moja, kitambaa kinatosha.

Kuna kifaa kimoja cha kuongezea ambacho kina manufaa ya kweli katika mazingira hayo, nacho hakiuzwi kwa ahadi ya nguvu. Ni bomba la kupandishia hewa, maarufu kama snokeli, linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Vumbi huwa zito karibu na ardhi na hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, kwa hiyo hewa ya paani huwa safi kuliko ya mbele ya gurudumu. Juu ya bomba hilo baadhi ya madereva hufunga bakuli linalozungusha hewa, kama lile la kwenye trekta, ili vumbi zito litupwe kando kabla ya kufika kwenye kichujio. Karatasi hudumu zaidi, na hakuna kinachopotea. Sharti ni viungio vyake vizibwe barabara, la sivyo huwa bomba refu lenye mwanya.

Snokeli isichukuliwe kuwa leseni ya kuvuka mito iliyofurika. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakielekea harusini lilizama katika Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mito ya Kitui hukauka miezi mingi na kufurika kwa saa chache, na bomba la hewa halizuii mkondo kulisukuma gari.

Kwa anayenunua karatasi, shida iliyobaki ni bidhaa ghushi. Si lazima kichujio kitoke kwa mwakilishi wa mtengenezaji wa gari. Kampuni kama Mann, Mahle, Bosch, Denso na Donaldson hutengeneza vichujio vinavyoaminika, mara nyingi kwa bei nafuu. Tatizo ni lile boksi lenye jina maarufu na karatasi ya daftari ndani yake. Bunge lilipitisha sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi mwaka wa 2008, na vipuri vya magari vimekuwa miongoni mwa bidhaa zinazoigwa sana. Iwe mtu ananunua katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au mjini Wote, kipimo cha mikono husaidia. Mikunjo ya karatasi halisi imepangwa kwa nafasi sawa na haisogei ikiguswa, gundi imeshika pande zote bila pengo, na mpira wa ukingoni ni laini na hurudi ukibonyezwa. Kichujio kinapowekwa katika sanduku lake kinapaswa kukaa kwa kubana kidogo. Kikicheza, kirudishwe dukani siku hiyo hiyo pamoja na risiti.

Wakati mwafaka wa kukibadilisha ni mwishoni mwa Oktoba. Miezi ya vumbi huwa imekwisha, mvua ya vuli iko njiani na maembe ya Makueni yanakaribia kuanza kuvunwa. Karatasi iliyosheheni vumbi ikipata unyevu, vumbi hilo hugeuka tope na kuganda, na gari hukosa pumzi katikati ya mlima likiwa limebeba kreti za maembe ambazo mnunuzi anazisubiri.